Sudan Kusini: Ardhi pana, watu wengi, serikali ya majina mawili

BENDERA ya Sudan Kusini ikipepea kwa umbali kidogo, Mkenya anaweza kuapa kwamba ni ya kwao. Rangi ni zile zile, nyeusi, nyekundu na kijani, nazo zimepangwa vivyo hivyo huku zikitenganishwa na michirizi myeupe. Ni lazima usogee karibu ndipo uone kwamba haina ngao wala mikuki, bali ina pembetatu ya samawati upande wa mlingoti, yenye nyota ya dhahabu ndani yake.

Ukaribu huo si wa bendera tu. Mkataba uliozaa taifa hilo ulijadiliwa Machakos na Naivasha, kisha ukatiwa saini Nairobi. Benki zetu zina matawi Juba, na wakimbizi wao wamekuwa Kakuma kwa zaidi ya miaka 30. Hata hivyo, ukimwuliza Mkenya wa kawaida akueleze jinsi nchi hiyo inavyotawaliwa, aghalabu atakutajia majina mawili tu: Salva Kiir na Riek Machar. Inasikitisha kwamba hatakuwa amekosea sana.

Majina hayo ndiyo yaliyoirejesha Sudan Kusini katika vichwa vya habari mwaka wa 2025. Machi 26 mwaka huo, Dkt Machar, aliyekuwa makamu wa kwanza wa rais, aliwekwa katika kizuizi cha nyumbani. Septemba alisimamishwa kazi na kufunguliwa mashtaka ya mauaji, uhaini na uhalifu dhidi ya binadamu, na Septemba 22 kesi yake na wenzake saba ikaanza kusikizwa jijini Juba. Chama chake, SPLM-IO, kiliyataja mashtaka hayo kuwa ya kisiasa. Haya yalitendeka katika nchi iliyojipatia uhuru Julai 9, 2011, ikaahidi uchaguzi mkuu wa kwanza mara kadhaa, ikauahirisha kila mara, na hatimaye mwaka wa 2024 ikausogeza hadi Desemba 2026.

Je, nchi ambayo kinara wa upinzani yuko kizimbani yaweza kufanya uchaguzi utakaokubalika? Ikishindwa, nani atabeba mzigo? Maswali hayo hayajibiki kwa kuwatazama wanaume wawili pekee. Ni afadhali tuanze na ardhi yenyewe.

Sudan Kusini ina ukubwa wa zaidi ya kilomita mraba 600,000, hivyo inaizidi Kenya. Imepakana na mataifa sita: Sudan, Ethiopia, Kenya, Uganda, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo na Jamhuri ya Afrika ya Kati. Haina hata kipande cha pwani. Kusini kabisa, karibu na Uganda, ipo milima ya Imatong ambako kilele cha Kinyeti hufikia mita 3,187. Kutoka huko ardhi huteremka kuelekea kaskazini hadi ikawa tambarare kubwa ya udongo mweusi wa mfinyanzi. Wakati wa kiangazi udongo huo hupasuka nyufa. Mvua zikianza hugeuka tope ambalo lori haliwezi kulipita kwa miezi. Mtu asiyelielewa tope hilo hawezi kuelewa kwa nini serikali yoyote, iwe ya Khartoum au ya Juba, imeshindwa kufika vijijini.

Katikati ya tambarare hiyo upo Mto Nile Mweupe. Huingia nchini kupitia Nimule, ukapita Juba, halafu ukajipoteza katika kinamasi cha Sudd, mojawapo ya vinamasi vikubwa zaidi duniani. Jina lenyewe latokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kizuizi, nalo halikutolewa bure. Mafunjo na magugu yanayoelea yalizizuia mashua zilizotoka kaskazini kwa karne nyingi. Takriban nusu ya maji yanayoingia katika kinamasi hicho hupotea kwa kufyonzwa na jua kabla hayajatokea upande wa pili.

Maji hayo yanayopotea ndiyo yaliyowatia tamaa watawala wa Cairo na Khartoum. Mwaka wa 1978 walianza kuchimba mfereji wa Jonglei, uliokusudiwa kuwa na urefu wa kilomita 360, ili maji yakikwepe kinamasi na kuwafikia wakulima wa Sudan na Misri. Wakazi wa eneo hilo hawakuulizwa maoni yao kwa namna ya kuridhisha, ingawa mfereji ungekata malisho yao na njia za mifugo yao. Mmoja wa waliouchunguza mradi huo kitaaluma alikuwa ofisa mmoja wa jeshi la Sudan aliyesomea uchumi wa kilimo Marekani, akaandika tasnifu yake ya uzamifu kuhusu eneo la Jonglei mwaka wa 1981. Jina lake lilikuwa John Garang de Mabior. Miaka miwili baadaye alikuwa msituni akiongoza vita, na mashambulizi ya wapiganaji wake yakaukomesha uchimbaji. Mtambo mkubwa uliokuwa ukichimba uliachwa pale pale ulipofika, ukawa chuma cha kutu katikati ya nyasi.

Mradi huo ungali unazungumziwa hadi leo, hasa kila mafuriko yanapokithiri. Tangu 2019 mafuriko hayo yamezidi kiasi ambacho wazee hawakumbuki. Mwaka wa 2021 mji wa Bentiu uligeuka kisiwa, ukawa unalindwa na kuta za udongo tu, na ng'ombe wasiohesabika wakafa. Watu waliozoea kukimbia risasi walijikuta wakikimbia maji, wengine wakiingia katika ardhi ya makabila mengine pamoja na mifugo yao iliyosalia, jambo lililochochea mapigano mapya.

Si shida tupu, lakini. Juni 2024 watafiti walitangaza matokeo ya kuhesabu wanyama kutoka angani, wakasema kwamba takriban swala milioni sita wa aina mbalimbali huhama kila mwaka kati ya Boma, Badingilo na Jonglei. Sisi tunaojivunia nyumbu wa Maasai Mara tuna majirani wenye msafara mkubwa zaidi wa wanyama kuliko wetu, ila hakuna hoteli, barabara wala usalama wa kuwafikisha watalii huko.

Kuhusu watu, jambo la kwanza la kukiri ni kwamba hesabu yenyewe ina mzozo. Sensa ya mwisho ilifanywa mwaka wa 2008, kabla ya uhuru, nayo ilisema kusini kulikuwa na watu milioni 8.26. Viongozi wa kusini waliikataa, wakisema Khartoum ilikuwa imewapunguza makusudi. Hakuna nyingine iliyofuata. Makadirio ya baadaye husema milioni 11, mengine milioni 12 au zaidi, huku zaidi ya milioni mbili wakiwa wakimbizi katika nchi jirani.

Makabila hutajwa kuwa 64. Wadinka ndio wengi zaidi, wakifuatwa na Wanuer, na wote wawili ni wafugaji wanaofanana kwa lugha, mila na hata kimo. Washilluk wa kingo za Nile, karibu na Malakal, wana mfalme wao anayeitwa Reth. Upande wa magharibi, Yambio, wako Wazande ambao ni wakulima. Wabari ndio wenyeji wa Juba. Wamurle wanaishi Pibor. Watoposa wa Kapoeta ni ndugu wa Waturkana wa kwetu, wanasikilizana kwa lugha na kuibiana mifugo kwa bidii ile ile. Wapo pia Waacholi na Waanuak, na wasomi wa historia huitaja Bahr el Ghazal kuwa chimbuko la safari iliyowafikisha Wajaluo kwenye ufuo wa Ziwa Victoria.

Kwa wafugaji hawa ng'ombe ni benki, ni mahari, ni fidia ya damu na ni jina la mtu. Kijana asiye na ng'ombe haoi, na asiyeoa hahesabiwi. Zamani wizi wa mifugo ulitekelezwa kwa mikuki, na wazee waliweza kuketi na kulipishana. Vita vya miaka mingi vilijaza bunduki vijijini, na wanasiasa wakajifunza kuwatumia vijana walinzi wa mifugo kama jeshi la akiba. Kundi linaloitwa Jeshi Jeupe, la vijana wa Kinuer, lilianza kwa namna hiyo. Mapema Machi 2025 ndilo lililoiteka kambi ya jeshi katika mji wa Nasir, na tukio hilo ndilo msingi wa mashtaka dhidi ya Dkt Machar. Upande wa mashtaka unadai alihusika. Chama chake kinakanusha.

Kiingereza ndicho lugha rasmi. Sokoni hutawala Kiarabu cha Juba, ambacho Mwarabu wa Cairo hawezi kukielewa vyema. Kiswahili nacho kimeingia pamoja na waliorejea kutoka Kakuma na Uganda, na pamoja na madereva na wafanyabiashara wetu. Kuhusu jina la nchi, dawati la habari lilibishana si haba mwaka wa 2011. Kabla ya hapo tuliandika "kusini mwa Sudan", maana lilikuwa eneo tu. Baada ya Julai 9 ikabidi iwe Sudan Kusini, taifa. Ulimwengu ulichukua muda zaidi kuizoea tofauti hiyo. Katika Olimpiki za 2024 nchini Ufaransa, kikosi cha mpira wa vikapu cha Sudan Kusini, ambacho shirikisho lake linaongozwa na Luol Deng aliyewahi kutamba katika ligi ya NBA, kilipigiwa wimbo wa taifa wa Sudan. Wachezaji walisimama wakastahimili, wimbo ukabadilishwa, kisha wakaishinda Puerto Rico.

Historia ya kisiasa haitaki maelezo marefu, kwa kuwa wasomaji wengi waliishi nayo. Wanajeshi wa kusini waliasi Torit Agosti 1955, miezi michache kabla ya Sudan kupata uhuru Januari 1, 1956. Vita vya kwanza viliisha kwa mkataba wa Addis Ababa mwaka wa 1972, ambao ulilipa eneo la kusini utawala wake. Mafuta yalipogunduliwa karibu na Bentiu mwaka wa 1978, Rais Jaafar Nimeiri alianza kuumomonyoa mkataba huo, na mwaka wa 1983 akaigawa kusini na kutangaza sheria za Kiislamu nchi nzima. Mei mwaka huo kikosi cha Bor kiliasi, na SPLA ikazaliwa.

Kinachostahili kukumbukwa zaidi ni mwaka wa 1991. Machar na Lam Akol walijitenga na Garang kwa tamko la Nasir, na wapiganaji waliomwunga mkono Machar wakawashambulia Wadinka wa Bor. Maelfu waliuawa au kufa kwa njaa. Machar alitia saini mkataba na Khartoum mwaka wa 1997, kisha akarejea kwa Garang mwaka wa 2002 akapokewa. Wanaoshangaa kwa nini Kiir na Machar hawaaminiani wajue kwamba kutoaminiana huko kulitangulia taifa lenyewe kwa miaka 20.

Ikaja amani ya 2005. Jenerali Lazaro Sumbeiywo aliwakalisha wapatanishwa chini kwa subira ya ajabu, kuanzia itifaki ya Machakos ya Julai 2002 hadi mikataba ya Naivasha, na Januari 9, 2005 maafikiano ya mwisho yakatiwa saini jijini Nairobi na Garang pamoja na Ali Osman Taha wa Sudan. Mapato ya mafuta ya kusini yangegawanywa nusu kwa nusu, na baada ya miaka sita watu wa kusini wangepiga kura ya maamuzi. Julai 9 mwaka huo Garang aliapishwa Khartoum kuwa makamu wa kwanza wa rais. Julai 30 helikopta iliyokuwa ikimrejesha kutoka Uganda ilianguka, naye akafa. Uongozi ukamwangukia Salva Kiir, mwanajeshi wa tangu vita vya kwanza na mtu wa maneno machache. Katika kura ya Januari 2011, asilimia 98.83 walichagua kujitenga.

Tukifika hapa ndipo tunapoiona kasoro ya msingi. Nchi ilizaliwa ikiwa na jeshi kabla haijawa na serikali. Katiba iliyoanza kutumika siku ya uhuru iliitwa ya mpito, na hakuna ya kudumu iliyokamilishwa. Katiba hiyo humpa rais mamlaka mapana sana, pamoja na uwezo wa kumwondoa gavana wa jimbo endapo kuna tishio kwa usalama wa taifa. Katika nchi yenye vita, tishio halikosekani. Wananchi hujua mabadiliko serikalini kupitia amri za rais zinazosomwa jioni katika televisheni ya taifa. Waziri anaweza kusikia akitajwa kuwa amefutwa akiwa amekaa sebuleni kwake na wageni.

Hata idadi ya majimbo imekuwa ikibadilika kwa amri. Nchi ilianza na majimbo 10. Oktoba 2015, wino wa mkataba wa amani ukiwa mbichi, Rais Kiir aliyageuza kuwa 28. Januari 2017 yakawa 32. Februari 2020, ili serikali ya umoja iundwe, yakarudishwa kuwa 10 pamoja na maeneo matatu ya utawala: Abyei, Pibor na Ruweng. Msomaji wa Kenya anayekumbuka jinsi tulivyozozana kuhusu mipaka ya kaunti 47 na makao makuu yake anaweza kukisia kilichotokea kwa watu ambao jimbo lao lilifutwa, likaundwa, likafutwa tena.

Julai 2013 Kiir alimfuta Machar, wakati huo makamu wa rais, pamoja na baraza zima la mawaziri. Desemba 15 mwaka huo risasi zililia miongoni mwa walinzi wa rais jijini Juba, na kwa siku chache zilizofuata raia wa Kinuer waliwindwa nyumba kwa nyumba jijini humo. Kisasi kikafuata Bor, Bentiu na Malakal. Uganda ilituma majeshi kumsaidia Kiir. Mkataba wa Agosti 2015 ulimrejesha Machar Juba Aprili 2016. Julai mapigano yakazuka tena, akatoroka kwa miguu hadi Kongo. Utafiti uliotolewa mwaka wa 2018 na wataalamu wa London ulikadiria kuwa vita hivyo vilisababisha vifo vya takriban watu 400,000, nusu yao kwa risasi na waliosalia kwa magonjwa na njaa.

Serikali iliyoundwa Februari 22, 2020 kutokana na mkataba wa Septemba 2018 ina rais mmoja na makamu watano. Bunge lake lina viti 550, nao wabunge huteuliwa kwa mafungu: kundi la Kiir 332, la Machar 128, na waliosalia ni wa vyama na makundi mengine. Hapa Kenya, ambako idadi ya watu ni zaidi ya mara nne ya yao, Bunge la Taifa lina wabunge 349, na wananchi wenyewe hulalamika kwamba hao ni wengi mno. Mkataba huo uligawa vyeo hadi ngazi ya kaunti. Kazi ngumu ziliachwa nyuma. Askari 83,000 wa pande zote walitakiwa kuunganishwa, lakini kundi la kwanza lilihitimu Agosti 2022 tu, na baadaye wengi wakakosa silaha, mishahara na vituo. Mahakama maalumu ya kushtaki uhalifu wa vita, iliyoahidiwa mwaka wa 2015 na tena 2018 kwa ushirikiano na Umoja wa Afrika, haijaundwa.

Hapo pana kinaya kichungu katika kesi ya Dkt Machar. Mwafaka ulisema uhalifu wa vita uhukumiwe na mahakama huru isiyo chini ya upande wowote. Badala yake kesi inaendeshwa na vyombo vya serikali ambayo nusu yake ni mpinzani wa mshtakiwa. Yawezekana kabisa kwamba ana ya kujibu. Rekodi ya 1991 pekee inatosha kumnyima mtu usingizi. Lakini wako wengi wenye ya kujibu, wakiwemo wale waliokuwa madarakani Desemba 2013, na hakuna aliyewapeleka kizimbani.

Halafu kuna fedha. Zaidi ya asilimia 90 ya mapato ya serikali hutokana na mafuta yanayochimbwa katika majimbo ya Unity na Upper Nile, na njia pekee ya kuyauza ni mabomba yanayopita Sudan hadi Port Sudan kwenye Bahari ya Shamu. Januari 2012 Juba iliyafunga mabomba hayo kwa hasira, ikiilaumu Khartoum kwa kuyaiba mafuta yake na kudai ada ya kupindukia. Ilikuwa miezi 15 ya kujinyonga. Mwaka huo huo Rais Kiir aliwaandikia barua maafisa wa sasa na wa zamani 75 akiwaomba warejeshe dola bilioni 4 zilizopotea. Barua ile ilikuwa ya kiungwana mno kwa jambo la uzito ule, na kilichorejeshwa kilikuwa kidogo.

Vita vilipozuka Sudan Aprili 2023 kati ya jeshi na wapiganaji wa RSF, mabomba yakawa yanapita katikati ya medani. Mafuta ya Upper Nile ni mazito yenye nta. Yasipopashwa moto njiani huganda kama samli ya baridi. Februari 2024 vituo vya kuyasukuma viliishiwa dizeli kwa sababu ya mapigano, mafuta yakaganda, bomba likapasuka. Kwa karibu mwaka mzima sehemu kubwa ya mauzo ilisimama. Askari, walimu na wauguzi wakakaa miezi bila mshahara, na mfuko wa unga ukapanda bei kila wiki. Desemba 2025 RSF iliuteka uwanja wa mafuta wa Heglig, ulio na mitambo ya kushughulikia mafuta ya Unity, na Juba ikalazimika kufanya mapatano na pande zote mbili zinazopigana ili mafuta yaendelee kupita.

Kenya ilikuwa na jibu la tatizo hilo tangu zamani. Machi 2, 2012 Rais Mwai Kibaki, Rais Kiir na Waziri Mkuu Meles Zenawi wa Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET mjini Lamu, wenye bandari, barabara, reli na bomba la kutoka Juba. Bandari ilipokea meli yake ya kwanza Mei 2021. Barabara ya kutoka Isiolo hadi Moyale ipo. Bomba halipo, wala reli. Wawekezaji hawatoi mabilioni kwa bomba ambalo mwanzo wake uko katika nchi isiyojulikana itatawaliwa na nani mwaka ujao. Kwa sasa bidhaa za Juba hutoka Mombasa, hupita Malaba, huvuka Uganda nzima, kisha huingia Nimule, ilhali tuna mpaka wetu wenyewe huko Nadapal. Barabara ya Lodwar kuelekea mpakani imekuwa ikitengenezwa, lakini eneo lenyewe lina mzozo kuhusu mpaka ulipo hasa, na Watoposa wamewahi kuwazuia wajenzi. Pembetatu ya Ilemi, ambayo Kenya imeitawala tangu enzi ya ukoloni, nayo haijawahi kuzungumzwa na Juba hadi mwisho.

Je, Kenya ina uwezo wa kuokoa hali? Mei 2024 Nairobi ilianzisha mazungumzo ya Tumaini kati ya Juba na makundi yaliyokuwa nje ya mkataba wa 2018. Hayakuzaa matunda, kwa sababu wote wawili, Kiir na Machar, kila mmoja kwa wakati wake, waliyaona kuwa yanachimba mkataba uliowapa vyeo. Machi 2025, siku mbili baada ya Machar kuzuiliwa, Rais William Ruto alimtuma Raila Odinga Juba. Mzee alikutana na Kiir lakini hakuruhusiwa kumwona Machar. Akaambiwa aende kwa Rais Yoweri Museveni, naye akapita Entebbe. Raila alifariki Oktoba mwaka huo. Safari ile ilifichua bila kificho ni nani mwenye sauti Juba siku hizi: si mji ambako mkataba ulitiwa saini, bali ule uliotuma askari. Uganda ilikuwa imepeleka wanajeshi wake tena mwezi huo huo wa Machi.

Si kwamba Kampala inastahili lawama yote. Jumuiya ya Afrika Mashariki iliipokea Sudan Kusini mwaka wa 2016, vita vikiendelea, ikaridhika na saini. Tangu hapo Juba imekuwa ikidaiwa malimbikizo ya michango ya mamilioni ya dola. Papa Francis aliwapigia magoti viongozi hao Vatican Aprili 2019 na kuibusu miguu yao. Marais wenzao wa kanda hii hawajawahi kuwauliza kwa sauti hesabu ya mapato ya mafuta iko wapi, labda kwa kuogopa kuulizwa za kwao.

Tukirejelea uchaguzi, matatizo yake ni ya kawaida kabisa na hayahitaji nadharia. Viti vya ubunge hugawanywa kwa kufuata idadi ya watu, na idadi pekee iliyopo ni ya sensa ya 2008, ile ile ambayo waliomo serikalini waliikataa. Daftari la wapigakura lazima liandikwe katika kaunti ambazo kwa miezi kadhaa kila mwaka hazifikiki ila kwa ndege au mtumbwi. Askari wa kulinda vituo ni wale wale ambao hawajaunganishwa. Wapo wanaosema afadhali kura mbovu kuliko kuahirisha milele, na hoja yao si nyepesi, kwani kila kuahirisha kumewaongezea muda wale wale. Lakini kura inayomtangaza mshindi wakati mpinzani wake mkuu yuko kortini itakuwa na thamani Warrap na kukosa thamani Nasir.

Kisha kuna wale walio nje. Katika kura ya 2011 vituo vilifunguliwa katika mataifa manane nje ya Sudan, Kenya ikiwemo, na watu walipanga foleni tangu alfajiri. Mtoto wa miaka sita aliyevushwa Nadapal mapema 2014 akikimbia mauaji ya Bor, akasomea Kakuma kwa Kiingereza na Kiswahili, ameshafikisha umri wa kupiga kura. Maelfu kama yeye wako katika kambi za Kenya, Uganda na Ethiopia. Wakihesabiwa, watabadilisha matokeo katika kaunti nyingi za Jonglei na Upper Nile. Wakiachwa nje, itabidi tume ya uchaguzi ieleze kaunti hizo ni za nani.